Kabla Ununue Mafuta ya Baridi, Soma Hii

Leo sina video ya sekunde 60. Hii ni ya kusoma, kwa hivyo tafuta chai na blanketi.

Mwanzo wa Julai nilipata ujumbe kwa simu. "Sasa mrembo, tunapenda kazi yako." Walikuwa na krimu ya msimu wa baridi na walitaka niionyeshe kwa video moja tu. Malipo, elfu 15. Kwa wale mnafikiria sisi watu wa mtandao tunaogelea kwa pesa, kodi ya keja yangu ni elfu 12, siku hiyo ilikuwa tarehe 4, na kwetu kodi inalipwa kabla ya tarehe 5. Hesabu ilikuwa rahisi.

Kopo likaletwa na mtu wa boda. Jeupe, kifuniko cha rangi ya dhahabu, harufu tamu kama peremende. Nikaligeuza juu chini nikitafuta limetengenezwa na nini. Hakuna. Jina la kiwanda, hakuna. Tarehe ya kuharibika, hakuna. Nikawauliza. "Ni ya asili kabisa, dia." Nikauliza tena, asili ya nini? "Inaondoa ukavu, inang'arisha, matokeo siku saba."

Hizo siku saba ndizo zilinishtua, kwa sababu mimi nina shangazi.

Nitarudi kwa shangazi. Kwanza nataka tuulizane swali moja ambalo sijawahi kuona mtu akiuliza kwa hizi video zetu za ngozi: hizi mafuta tunajipaka zilitoka wapi? Nani alisema tunazihitaji, na kwa nini? Mimi si daktari, na nilitoka chuo mwaka wa pili karo iliposhinda mzee wangu. Lakini kusoma sikuacha, na baada ya wiki mbili za kusoma naona historia ya lile rafu la mafuta kule supa inafundisha kununua vizuri kuliko video yoyote nimewahi kufanya.

Baridi yetu

Wazungu wana theluji, sisi tuna Julai. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu yanakaa chini kama kifuniko cha sufuria, jua linapotea siku nzima, na alfajiri unatoka nje mdomo ukitoa moshi. Huko kwetu Kinangop ni mbaya zaidi. Shosho huuita huu msimu gathano, na akisema hilo neno anavuta leso mabegani hata kama ameketi kando ya moto.

Ngozi ndiyo inaonyesha kwanza. Kila mtoto wa Kenya amewahi kurudishwa kutoka mlangoni kwa neno moja: umepauka. Magoti kama yamepakwa unga, viganja vinakwaruza, midomo inapasuka. Kinachotokea si uchawi. Ngozi ya juu ina mafuta yake ya asili yanayozuia maji ya mwili yasitoke. Hewa ya baridi hubeba maji kidogo, upepo unaongeza, halafu wewe unaingia kwa maji moto dakika 20 na sabuni ya kipande kwa sababu ni baridi. Unatoka umeosha yale mafuta yote. Maji yanatoka mwilini, ngozi inakauka, inapasuka.

Kwa hivyo kazi ya mafuta ya baridi ni moja: kuzuia maji yasitoke. Weka hiyo kwa kichwa, kwa sababu kila kitu kingine utauziwa Julai ni nyongeza.

Kabla ya makopo

Hiyo kazi ilishajulikana zamani sana hapa kwetu. Pwani watu walitumia mafuta ya nazi, nazi ikakunwa, tui likachemshwa hadi mafuta yakajitenga. Kulikuwa na liwa ya kupaka usoni, na bibi harusi alisuguliwa singo mpaka ngozi ikang'aa. Wamaasai na Wasamburu walichanganya mafuta ya mnyama na udongo mwekundu. Kaskazini mwa Uganda wapo wanaokamua mafuta ya mti, ambayo Waacholi huyaita moo yaa, na siku hizi hayo mafuta yanauzwa mpaka hapa Nairobi. Wakikuyu walikuwa na mbariki, yaani mbarika, ule mmea unaota kando ya barabara na hakuna mtu anaujali. Mbegu zake zilikaangwa, zikasagwa, zikakamuliwa.

Mimi nilidhani hizi ni hadithi za kitabu cha darasa la nne. Nikamuuliza shosho, akacheka. Mama yake alikuwa na kibuyu kidogo cha mafuta ya mbariki, na hakuna mtu alikigusa bila ruhusa. Alijipaka yeye, akapaka mtoto mchanga, akapaka ngozi ya mbuzi aliyokuwa akivaa ili ilainike. Mafuta yale yale. Mwili na nguo zilipata huduma moja.

Sitaki tudanganyane ati kila kitu cha zamani kilikuwa kizuri. Lakini kuna jambo moja walikuwa nalo na sisi hatuna. Ulijua mafuta yametoka wapi. Uliona mbegu, ukamwona aliyezikamua, na kama yaliharibika ulijua mlango wa kubisha.

Sabuni ikaingia, halafu jeli

Misheni zilipokuja, waliojiunga na shule zao, ambao Wakikuyu waliwaita athomi, yaani wasomaji, waliacha udongo mwekundu. Udongo na mafuta vikawa uchafu. Shati na sabuni vikawa alama ya mtu aliyeendelea. Sisemi sabuni ni mbaya, jamani ogeni. Nasema angalia vile biashara ilijipanga: sabuni iliondoa mafuta kwa ngozi, kisha duka likakuuzia mafuta mengine ya kurudisha.

Na yale mengine yalitoka wapi? Mwaka 1859 kijana mmoja mkemia wa Marekani, Robert Chesebrough, alienda Titusville, Pennsylvania, mahali mafuta ya petroli yalikuwa yamegunduliwa. Alikuta wafanyakazi wa visima wakilalamika kuhusu uchafu mzito kama nta unaoganda kwa mitambo. Waliuchukia kwa sababu ulikwamisha kazi, lakini mtu akijikata au akiungua, walichota kidogo wakapaka kidonda. Chesebrough akabeba huo uchafu nyumbani, akausafisha miaka kadhaa hadi ukawa jeli nyeupe isiyo na harufu, na mwaka 1872 akapata hataza yake kwa jina Vaseline. Inasemekana alikula kijiko kila siku. Tafadhali msijaribu. Alikufa 1933 akiwa na miaka 96.

Hebu fikiria. Kitu tunachopakwa kabla ya kwenda shule kilianza kama takataka ya kisima cha mafuta. Mtu anaweza kusoma hapo akatupa kopo lake, lakini mimi naona kinyume. Ile jeli ikisafishwa vizuri ni kati ya vitu visivyo na maringo kwa rafu lote. Haina harufu, haikuahidi rangi mpya, haikuahidi siku saba. Inafanya kazi moja ya mbariki: inaziba. Haiongezi maji kwa ngozi, inafungia yaliyopo. Ndiyo maana ukipaka kwa ngozi kavu kabisa unang'aa tu juu na ndani bado unawasha, lakini ukipaka mwili ukiwa na unyevu, unaona tofauti.

Mafuta ya ng'ombe

Hapa sasa naingia kwetu. Wakati wa ukoloni ng'ombe wa gredi walikuwa wa mashamba ya walowezi. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ndio ulianza kuwasukuma wakulima Waafrika kufuga ng'ombe wa maziwa na kulima mazao ya kuuza, na kuanzia 1962, chini ya mpango wa ekari milioni moja, mashamba ya walowezi yakaanza kukatwa vipande na kupewa Waafrika. Kinangop ni moja ya mahali hapo. Babu alipata shamba lake hivyo, kwa mkopo.

Ng'ombe wa gredi anakuja na masharti yake. Chuchu zikipasuka kwa baridi, hakamuliki, atakupiga teke na maziwa yataingia damu. Kwa hivyo unapaka jeli ya kukamulia. Na mkamuaji mwenyewe saa kumi na moja asubuhi mikono yake imeganda na imepasuka. Ile jeli inaingia kwa mikono, halafu inabaki kidogo kwa vidole, na hapo kando kuna mjukuu amepauka. Unafikiria itaenda wapi?

Mimi nimepakwa jeli ya kukamulia tangu niko mdogo. Na si mimi peke yangu. Arimis ni jeli ya kukamulia na hivyo ndivyo imeandikwa, lakini ingia nyumba yoyote Kenya uone nani anaitumia. Kwa wengi wetu ng'ombe hata hayuko, tuko ghorofa ya nne Pipeline. Hakuna tangazo lilituambia tujipake. Wamama waliona inavyofanya kazi kwa chuchu ya ng'ombe ambayo inaoshwa na kukamulliwa mara mbili kwa siku kwa baridi, wakasema, hii itashindwaje na goti la mtoto?

Nilipokuja Nairobi niliificha. Mwenzangu wa chumba alikuwa na losheni ya chupa ya kubonyeza, mimi nikanunua losheni kama yake na jeli nikaiweka chini ya kitanda. Usiku ndiyo nilijipaka. Nacheka sasa, lakini jiulize hiyo aibu ilitoka wapi. Haikutoka kwa ngozi yangu. Ngozi ilikuwa sawa.

Aibu ina kiwanda

Hapa ndipo historia inakuwa chungu.

Kuanzia miaka ya 1950 na 1960, mijini Afrika kulianza kuuzwa krimu za kung'arisha ngozi kwa nguvu. Jarida la Drum, lililoanza Afrika Kusini mwaka 1951 na likawa na toleo la Afrika Mashariki, lilibeba matangazo yao. Picha ilikuwa ile ile: msichana wa ofisi, mavazi safi, ngozi nyepesi, mwanaume anatabasamu. Nyingi za hizo krimu zilikuwa na zebaki. Zebaki inazuia ngozi kutengeneza rangi yake. Pia inapita kwa ngozi, inaingia kwa damu, na inaharibu figo.

Hii si porojo ya mtandaoni. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha utafiti kwenye British Medical Journal. Waliangalia watu wazima 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo, ule wa kuvimba mwili na kupoteza protini kwa mkojo. Zaidi ya nusu walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Nairobi hii yetu. Mwaka 1972. Mamangu alikuwa hajazaliwa na jibu lilikuwa tayari limeandikwa.

Kemikali nyingine ni haidrokwinoni. Stori yake inaanzia Marekani mwaka 1939, kwenye kiwanda cha ngozi za wanyama. Wafanyakazi Weusi walipewa glavu za mpira, na baada ya muda mikono yao ikaanza kupoteza rangi, mabaka meupe yakifuata umbo la glavu. Ilipochunguzwa, ilikuwa kemikali ya jamii ya haidrokwinoni iliyowekwa kwa mpira usiharibike. Ajali ya kazini. Wengine wangesema pole. Biashara ya vipodozi iliona soko.

Zebaki ilipoanza kukatazwa, Marekani mwaka 1973 na Afrika Kusini 1975, haidrokwinoni ikachukua nafasi yake. Mwaka huo huo wa 1975 madaktari wa Afrika Kusini walieleza kitu kipya kwa wanawake waliotumia krimu hizo miaka mingi: mabaka meusi ya bluu-bluu mashavuni, magumu, yasiyotoka. Yaani unapaka uwe mweupe, unapata weusi ambao hukuzaliwa nao. Afrika Kusini ilitangaza marufuku mwaka 1990. Kati ya waliotajirika huko kwa krimu hizo ni ndugu pacha, Abraham na Solomon Krok. Baadaye kampuni yao ilipotafuta leseni ya kasino Johannesburg, walijenga pia Jumba la Makumbusho la Apartheid, lililofunguliwa 2001. Soma hiyo sentensi tena polepole. Mimi niliisoma mara tatu.

Na Ulaya nao? Sheria yao ya vipodozi ya mwaka 1976 ilikataza zebaki kwa bidhaa za kujipaka za watu wao. Lakini sabuni za zebaki ziliendelea kutengenezwa huko na kuuzwa nje, Afrika tukiwa wateja, hadi Umoja wa Ulaya ulipokataza kuziuza nje mwaka 2003. Miaka 27. Haikuwa salama kwa ngozi yao lakini ilikuwa sawa kwa yetu.

Kenya ilipiga marufuku krimu na sabuni zenye zebaki, haidrokwinoni na homoni mwaka 1998. Hata hivyo, ukitembea tao leo utazipata. Sheria iko, na soko liko.

Tata

Sasa shangazi. Sisi humwita tata. Alikuja Nairobi 1983 akiwa na miaka 21, akapata kazi ya kupiga chapa. Kuna picha yake ya mwaka huo akiwa Uhuru Park, ngozi yake ni kama yangu kabisa. Kuna nyingine ya 1988, uso mwepesi, vidole vyeusi kwa viungo. Mimi tangu nimjue ana mabaka mashavuni kama yale ya kitabu. Hakai karibu na jiko. Hatoki bila kofia, hata mazishini. Kwetu hakuna mtu huuliza, na tulipokuwa watoto tulichapwa kwa kumkodolea macho.

Nilimpigia baada ya lile kopo jeupe kuletwa. Nikamwambia, tata, nisamehe, nataka kukuuliza kitu cha zamani. Alinyamaza kidogo, akasema niendelee.

Aliniambia hakutaka kuwa mzungu. Alisema hivyo mara mbili, kama mtu ambaye amekuwa akijibu hilo swali kichwani miaka 40. Alisema ilikuwa Julai, baridi, ngozi imekauka, na msichana wa meza ya pili alikuwa na krimu inalainisha vizuri sana. Siku chache akaona uso umekuwa laini. Wiki chache watu wakaanza kumsifu. Bosi akamhamishia meza ya mbele, pale wageni wanaingilia. Akiacha, ngozi iliwasha na kuwa nyeusi kuliko mwanzo, kwa hivyo akarudi. "Ilianza kama mafuta ya baridi tu," akasema. "Hakuna mtu aliniambia imetengenezwa na nini. Na mimi sikuuliza."

Ndiyo sababu naandika hii. Wengi wenu hamtafuti kujichubua, na hata hamtabonyeza video ya kujichubua. Mnatafuta mafuta ya baridi. Na huo ndio mlango tata aliingilia.

Kununua kama mtu anajua historia

Kwanza, soma nyuma ya kopo kabla ya mbele. Mbele ni ahadi, nyuma ndiyo ukweli. Kopo lisilosema limetengenezwa na nini, wapi na nani, rudisha kwa rafu. Hiyo "ya asili" si jibu. Zebaki pia ni ya asili, inachimbwa ardhini.

Pili, jua majina. Zebaki inaweza kuandikwa mercury, mercuric, mercurio, calomel au ammoniated mercury. Na kuna ujanja mmoja Shirika la Afya Duniani limeeleza: kopo likikuonya usiguse nalo dhahabu, fedha, alumini au mpira, huenda ni kwa sababu lina zebaki. Fikiria hiyo. Pete yako inalindwa kuliko shavu lako. Ukiona hydroquinone, acha. Ukiona clobetasol au betamethasone, hizo ni dawa za steroidi za kuandikiwa na daktari kwa ugonjwa fulani na kwa muda fulani. Ukijipaka kama losheni kila siku, ngozi inakuwa nyembamba.

Tatu, angalia alama ya KEBS, halafu usiamini macho tu, kwa sababu kubandika stika si kazi ngumu. Chini ya alama kuna nambari ya kibali. Andika SM#, kisha hiyo nambari, tuma kwa 20023. Jibu linakuja na jina la bidhaa na kampuni. Lisipolingana na kopo, umejua. Fanya hivyo ukiwa bado dukani, si nyumbani.

Nne, kimbia haraka. Ngozi hubadilika polepole. Krimu inayokubadilisha rangi kwa siku saba inafanya kitu ambacho haikuandika.

Tano, nunua kidogo. Baridi haihitaji chupa kumi. Punguza maji ya kuoga yawe vuguvugu, na dakika ziwe chache. Sabuni kali iache kwa kwapa na miguu. Jikaushe kwa kugusa-gusa na taulo, usijisugue, na kabla mwili haujakauka kabisa paka gliserini kidogo uliyochanganya na maji. Gliserini inavuta maji. Juu yake paka cha kuziba: jeli, mafuta ya nazi, hata ile ya ng'ombe, chochote mfuko wako unaweza, mradi umesoma nyuma. Kama una chunusi usoni, usipake mafuta mazito hapo, tafuta losheni nyepesi isiyo na harufu. Midomo paka jeli usiku, na uache kuilamba. Na Julai bado tuko karibu na ikweta, miale ya jua inapita mawingu, kwa hivyo ukiweza kununua kitu kimoja cha bei, kiwe cha kuzuia jua. Ngozi ikiwasha na kutoa maji au mabaka yasiyoisha, hiyo si ya duka la vipodozi tena, nenda kliniki.

Jumla ya vitu vyangu vya Julai hii ni vitatu: chupa ndogo ya gliserini, kopo la jeli, na ya kuzuia jua ambayo nilijichangia mwezi mzima. Kopo la jeli sasa liko juu ya meza, si chini ya kitanda.

Kuhusu zile elfu 15

Niliwaandikia nikasema sitafanya video hadi waniambie kuna nini ndani. Walinijibu kwa kidole gumba, halafu wakanifungia. Kodi nililipa tarehe 19 baada ya kupiga picha za harusi moja Ruiru. Keyteka alinipita kwa ngazi wiki mbili bila salamu. Sisemi hivi mnipigie makofi, nasema ili ujue bei ya swali moja dogo kwa hii kazi yetu. Ni rahisi sana kutouliza.

Juzi niliona kopo lile jeupe kwa video ya msichana mwingine, mdogo kwangu, mzuri, anacheka, anajipaka shavuni. Chini yake watu mia kadhaa wameandika "nataka", "bei gani", "mko wapi". Wengi wana picha za sare za shule.

Nilimtumia ujumbe wa faragha. Sikumtukana. Nilimuuliza tu kama anajua imetengenezwa na nini, na nikamwambia kama ni kodi, naelewa kabisa.

Bado hajajibu. Lakini tata aliposikia hiyo stori alinyamaza, halafu akaniuliza kama huyo msichana ana nambari ya simu, kwa sababu angependa kuongea naye mwenyewe.